Siku Niliyokataa Kuonja Divai Yangu

Jumamosi asubuhi mwanangu wa kwanza alikuja na lori la mawe kufukia kave yangu. Katika mji huu ambao watu wanapanga magari siku tatu wakingoja petroli, yeye alipata mazutu, dizeli ya lori, ya kwenda kuzika divai ya baba yake. Nilimpongeza kwa hilo. Kisha nikachukua kiti changu cha plastiki, nikakiweka juu ya mfuniko wa chuma unaofunga mdomo wa kave, nikakaa.

"Papa, simama," alisema.

"Mi niko sawa hapa. Kuna upepo ya ziwa."

"Tulisikilizana, papa."

"We ulisikilizana na mama yako. Mi nilikuwa nakunywa chai."

Dereva alizima injini asipoteze mafuta, akashuka, akaegemea tairi na kuanza kutafuna karanga kama mtu aliyelipa kiingilio cha mpira. Mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge.

"Huyu hatasimama," alimwambia mwanawe. "Nimeishi naye miaka arobaini na tatu, namujua. Mwageni mawe, mumufunike na yeye, kazi iishe."

Watu wa mtaani wanaiita kaburi la muzee. Mimi naiita kave, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Ni chumba kilicho chini ya ua wa nyuma wa nyumba yetu ya Kibenga. Unashuka ngazi kumi na moja, unainamisha kichwa, na upande huu na upande ule kuna rafu za matofali zenye chupa za divai ya ndizi na ya nanasi. Nilipoichimba, ziwa lilikuwa mbali, kitu cha kutazama jioni. Siku hizi limekuwa jirani anayeingia bila kubisha hodi. Barabara ya chini yetu ilikwisha kuwa yake. Nyumba ya pembeni wenyewe walihama, na kwenye bustani yao sasa anajilisha kiboko. Ukuta wetu wa upande ule ulianguka mvua za mwaka jana. Kwa hiyo wanangu waliona kwamba shimo lenye maji chini ya ua litaibomoa na nyumba, na kwamba baba yao hana akili tena ya kuliona hilo.

Akili ninayo. Hata sababu yao ninaikubali nusu. Lakini kila anayesimulia habari ya kave hii huanzia kwenye maji, na mimi nimechoka kusikia ikisimuliwa vibaya. Maji nilikuwa nayaweza. Kilichonishinda kilikuwa kingine.

Nilimaliza sekondari kwa kusukumwa, nikapata kazi ya kutunza bohari kwenye misheni moja. Pale kulikuwa na bruda mzungu, mnene, mwenye vidole kama ndizi mbivu, ambaye alitengeneza divai ya meza ya mapadri. Zabibu hakuna, kwa hiyo alitumia tulichonacho. Chini ya chumba chao cha kulia kulikuwa na kave, na humo ndani, hata mchana wa Januari ambapo mji mzima unatokwa jasho, ulihitaji sweta. Aliweka sikio kwenye mtungi mkubwa wa kioo kama daktari anayesikiliza mgongo wa mtoto. Mapovu yakisikika, divai bado inachemka. Yakiisha, alikuwa akiniambia: ikinyamaza usiiamini, iache inyamaze mara ya pili.

Wako wanaonicheka kwamba nimeiga Ulaya. Nawaomba waende wakaulize mama zao. Mama yangu, juu huko milimani, alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalitandika majani ya mgomba, akapanga ndizi za kukamua, akawasha moto mdogo pembeni ili joto na moshi viingie, akafunika kwa udongo. Siku ya nne alifukua ndizi za njano, laini, tamu mpaka nyuki walimfuata jikoni. Kufukia kitu ardhini ili kiwe kitamu ni kazi ya kwetu. Mimi niliongeza ngazi tu.

Na ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Ndizi naziivisha shimoni kama mama. Namenya, naponda kwa majani makavu ya nyasi, nakandamiza mpaka juisi itoke safi bila nyuzi. Hapo ndipo ninapoachana na watu wa urwarwa, pombe ya ndizi ya kwetu. Wao huweka unga wa mtama uliokaangwa, na siku ya tatu wanaimba. Mimi siweki mtama. Natia hamira, nafunga mtungi, natoa mpira mwembamba kwenye kizibo mpaka ndani ya chupa ya maji, ili pumzi itoke na hewa isirudi. Baada ya wiki kadhaa nainyonya kwa mpira kwenda mtungi mwingine, masimbi, yale mashapo, yabaki chini. Halafu tena. Halafu chupa, kizibo, na chupa inalazwa. Inalazwa, haisimamishwi. Divai ikigusa kizibo, kizibo kinabaki kimevimba na hewa haipiti. Ukiisimamisha, kizibo kinakauka, hewa inaingia polepole, na siku moja unafungua unakuta siki. Jambo hilo nililijua kabla sijaoa. Ninaliandika hapa ili mtu asije akasema sikujua.

Nilipostaafu nilimwita fundi anichimbie. Alikuwa Mwislamu wa familia za zamani za mji huu, mtu ambaye hajawahi kulamba hata povu la bia. Nilimwuliza kama haoni vibaya kuchimbia divai.

"Mi nachimba shimo, muzee," alisema. "Chenye utaweka ndani, utajibizana na Mungu wako."

Siku ya tano aliniita. Alichota udongo wa chini, akaukamua mkononi, maji yakapita kati ya vidole vyake.

"Unaona? Udongo inalia. Tupande juu mita moja. Tujenge yenye inatoka nusu inje, tuizungushie mawe. Itakuwa na baridi vilevile."

Mke wangu alisimama juu ya shimo, akasema yaleyale kwa sauti ya mtu anayetaka majirani wawe mashahidi. "Ziwa iko pale! Pale! Unataka kuoga na divai?"

Nilikataa. Kave ya bruda ilikuwa na ngazi kumi na moja, na mimi nilitaka kumi na moja. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta miaka mingi sababu yenye heshima zaidi na sikuipata. Fundi alitikisa kichwa, akajenga nilivyotaka, akajenga vizuri.

Miaka mitatu ya kwanza ilinipa haki. Divai ya nanasi ya mwaka wa pili ilinyweka hata na watu waliokuja kunicheka. Binti yetu alipochumbiwa, nilikuwa na chupa za ndizi zimelala miaka miwili, na nikasema mbele ya ukoo wote kwamba siku ya mahari yake haitanyweka bia ya kiwanda nyumbani mwangu. Wageni watakunywa kilichotoka chini ya ua wake mwenyewe. Binti alifurahi. Alizungusha utepe kwenye shingo za chupa kwa mikono yake, nyeupe na kijani, akikaa kwenye ngazi ya tatu kwa sababu chini zaidi aliogopa mijusi.

Kisha mvua zikaja, na maji yakapenya sakafuni mpaka rafu ya chini. Yalikuwa kidogo, vifundoni tu. Nilitakiwa kuzitoa chupa zake nje, kuzipeleka kwa ndugu wa mke wangu kule mtaa wa Nyakabiga, kuzilaza kwenye chumba chenye giza. Lakini kuzitoa kulitaka nizipitishe mbele ya jikoni, na jikoni alikuwako mtu aliyesema kwamba ziwa liko pale. Basi nikazipandisha kisirisiri mpaka ngazi za juu, chini kabisa ya mfuniko wa chuma, na kwa kuwa pale hapana nafasi ya kulaza, nikazisimamisha. Nilijiambia ni wiki mbili. Zilisimama miezi mitano, jua la mchana likichoma chuma juu ya vichwa vyao.

Asubuhi ya siku ya mahari nilishuka peke yangu na kufungua moja. Nilionja. Ilikuwa siki. Nikafungua ya pili. Siki. Niliitema palepale kwenye ngazi.

Wakati ulikuwapo. Wageni walikuwa hawajafika, na mtu wa kutumwa akalete kreti za bia hakukosekana. Ningeingia jikoni nikasema, "Mama, divai imeharibika, na kosa ni langu." Maneno hayo hayazidi kumi. Nilipanda ngazi, nikanawa, nikavaa koti.

Asiye wa kwetu huenda hajui: ukimpa mgeni kinywaji, unakionja wewe kwanza, mbele ya macho yake. Zamani ilikuwa kumwonyesha kwamba hakuna sumu. Leo hakuna anayefikiria sumu, lakini mwenye nyumba bado anaonja, na asipoonja kila mtu anaona, kama vile mtu aliyekataa kutoa mkono. Mimi sikuweza kuonja. Kuonja kungenilazimisha kumeza siki nikitabasamu mbele ya watu hamsini, na uso wangu haujui kudanganya, ulimi ndio unaojua. Kwa hiyo nilisimama na chupa yenye utepe mweupe na kijani, nikasema kwamba divai iliyofungwa kwa kizibo haionjwi na mwenyewe, kwamba kizibo ndicho shahidi, na kwamba ndivyo wanavyofanya wanaojua. Nikawamiminia.

Msemaji wa upande wa mwanamume alikuwa mzee mwenye adabu. Alikunywa. Akaweka glasi chini taratibu, kana kwamba ingeweza kusikia.

"Muzee," alisema, "tunashukuru. Labda mutusaidie na maji kidogo."

Watu walicheka kwa kujizuia. Palikuwa bado na mlango wa kutokea. Mimi nikaufunga.

"Nyinyi hamujazoea," nikasema. "Hii si ya kila mutu."

Kicheko kilikufa. Mzee yule aliisukuma glasi mbali kidogo.

"Kweli," alijibu. "Sisi tumezoea chenye mwenye nyumba anaonja."

Waliaga kwa heshima zote, mapema. Hotuba ya pili haikusomwa. Posa haikuvunjika, kwa sababu vijana walipendana na mama wa binti alikuwa na akili. Mahari ilimalizikia Nyakabiga, kwa mjomba, wiki tatu baadaye. Mimi nilialikwa. Sikwenda. Nilisema sitakwenda kunywa bia ya kiwanda kwa watu walionitukana nyumbani mwangu. Binti yangu alitolewa na mjomba wake huku baba yake amekaa Kibenga, umbali ambao hata kwa miguu mtu anafika. Kati ya makosa yangu yote, hilo ndilo lisilo na sababu hata ya kijinga.

Tangu siku ile, miaka tisa, alikuwa akija kumwona mama yake na haonji kitu. Hata maji. Alikuwa akisimama uani, anasalimu, anaacha alicholeta, anaondoka. Ukimwekea glasi, aliitazama kama kitu cha mtu mwingine. Aliye wa kwetu anajua hiyo ni adhabu gani, na nilistahili.

Wiki ya pili baada ya aibu ile nilitengeneza divai nyingine. Ndizi zilezile, kutoka kilima kilekile. Nilimwita tena fundi, akainua sakafu kwa matofali, hakusema "nilikuambia", na hilo liliniuma kuliko kama angesema. Chupa ishirini na nne nililaza kwenye rafu ya juu kabisa, nikazifunga kwa kamba ya mkonge, na sikugusa hata moja. Ziwa lilipopanda nilichota kwa ndoo. Nilichota asubuhi na alasiri, mvua zote, watu wakipita wakisema muzee anachota ziwa zima. Nilichota. Chupa hizo ndizo nilizokuwa nimezikalia Jumamosi ile, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Sasa nirudi kwenye lori. Upande wa pili wa lori, kwenye kivuli, alikuwa amesimama binti yangu. Alikuja na kaka yake kusaidia kunishawishi, au labda kuona mwisho wa kitu kilichomharibia siku yake. Sikuthubutu kuuliza. Alikuwa amefunga mikono kifuani kama mama yake.

"Papa," mwanangu alisema, "kuna nini humu cha kulinda? Maji na siki."

"Kuna divai."

"Divai! Miaka tisa hakuna mutu ameonja divai ya hii nyumba."

Dereva aliacha kutafuna.

"Basi fungua moja," mwanangu alisema. "Sasa hivi, hapa. Ikiwa divai, mi nageuza lori. Ikiwa siki, tunafukia na we unatusaidia kubeba mawe."

Nilimtazama binti yangu. Alitazama mawe.

Nilisimama. Nilivuta mfuniko, nikashuka ngazi zangu kumi na moja, maji yakanifika kwenye kisigino, nikafungua kamba ya mkonge na kurudi na chupa mbili, kwa kuwa mikono ni miwili. Mke wangu alileta glasi bila kuambiwa. Kizibo cha kwanza kilitoka kwa urahisi mno. Nilijua kabla sijamimina. Miaka tisa ya kuchota maji, na pua yangu ilinieleza yote kwa mara moja.

Mwanangu alinyoosha mkono achukue glasi. Nikamnyima.

"Mwenye nyumba anaonja," nikasema.

Nilikunywa. Nilikunywa yote, mpaka chini, wakiniona. Macho yalitoa machozi, na yalikuwa ya siki, ingawa sitabishana na anayesema vingine.

"Hii imeharibika," nikasema. "Iko siki."

Mwanangu alimgeukia dereva. Nikainua mkono.

"Ngoja, sijamaliza. Na ile ya siku ile pia ilikuwa siki. Nilijua. Nilionja asubuhi, mbili, nikatema. Nilizisimamisha chini ya chuma kwa sababu niliona haya kuzipitisha mbele ya mama yako, ajue shimo yangu imeingia maji. Nilijua nikawamiminia wakwe, kisha nikawatukana. Ule muzee alisema kweli."

Niliyasema kwa sauti, dereva akisikia, mwenye mkokoteni barabarani akisikia. Mke wangu aliketi kwenye jiwe la karibu.

"Ulijua?" aliniuliza. "Miaka tisa naambia watu ni joto, ndio joto iliiharibu, na we ulijua?"

"Nilijua."

"We mutu!" alisema. "We mutu mubaya!" Na akaanza kucheka, kicheko cha hasira, akipiga paja.

Binti yangu hakucheka. Alitoka kwenye kivuli cha lori, akaja mpaka karibu, akainama, akachukua chupa ya pili pale chini. Aliigeuza, akakiangalia kizibo.

"Hii ni ya lini?"

"Wiki ya pili baada ya mahari yako. Nilikuwa nimeitengeneza ya kwako."

"Fungua ingine," alisema, akanipa.

Kizibo kiligoma. Nilivuta, nikaibana chupa kwa magoti, kikatoka na mlio mzito. Nikamimina kidogo, nikaonja. Sitawaambia ilikuwa divai ya bruda. Ilikuwa kavu, ina moshi kidogo wa shimo la mama, na mwishoni ukali mdogo ambao haukupaswa kuwapo. Lakini ilikuwa divai. Nilimimina glasi nyingine na sikusema neno, kwa sababu mara ya mwisho nilisema mengi.

Aliishika. Aliitazama muda mrefu, na mimi nilitazama mikono yake, ileile iliyofunga utepe. Kisha akanywa.

"Iko kali kidogo," alisema.

"Iko."

"Lakini inanyweka." Akanywa tena, akampa mama yake glasi. "Na bado unaweka ngazi kumi na moja, papa. Kichwa yako iko mawe kuliko hii lori."

Mwanangu alikuwa mtu wa neno lake, akaamuru lori ligeuzwe. Hilo alilichukua kwa mama yake. Lakini lori halikurudi na mawe. Dereva alikataa kuyarudisha, alisema mazutu ya kupanda na mzigo hayapo, akayamwaga mlangoni akaondoka. Yapo hapo mpaka leo ninapoandika. Jana nilimpelekea habari fundi. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, lakini alikuja, akazunguka lile rundo, akagusagusa jiwe moja moja. Anasema yanatosha kuzungushia mdomo wa kave na kuunyanyua mita moja, na chini tutaziba ngazi nne. Zitabaki saba. Nimekubali saba. Alinitazama kuhakikisha hajasikia vibaya.

Wanaonipitia wanauliza kama siogopi ziwa. Naliogopa. Linaweza kuja likachukua ua, na nyumba, na mimi nikiwa na ndoo mkononi, na watasema muzee alionywa. Na waseme, nilionywa kweli. Lakini kave haifukiwi. Zimebaki chupa ishirini na mbili, na sijui ngapi ni divai na ngapi ni siki. Binti yangu atakuja Jumapili, amesema, na mume wake. Huenda na yule mzee msemaji, kama miguu yake inamruhusu.

Nitafungua mbele yao, na kila moja nitaionja mimi kwanza.